Matumbawe Nyeupe ya Tanga

Baba Furaha, amani ya Bwana iwe nawe.

Huku Tanga walinipeleka na boti kuona matumbawe. Ni kama mawe, lakini iko na uhai, samaki inazalia mule. Nikaikuta nyeupe kabisa, kama nguo za komunyo ya kwanza. Nikafanya alama ya musalaba, nikashukuru Mungu.

Muzee wa boti akacheka kidogo: "Usishukuru, mama. Hayo yanaumwa. Bahari imepata joto, na maji machafu ya mji yanayamaliza nguvu. Ikipoa upesi, yatapona."

Nikatoa rozari.

Papa Furaha, baridi ya asubuhi ya Bukavu, ile inakuvalisha triko mbili, ninaitamani sana. Kama ingefungika mu kitenge, ningekuomba uitume, niimwange hapa mu bahari.

Ujifunike vizuri.

Bibi yako, Maman Furaha