Sauti Yako Kwenye Taa Mbili

Chumba cha nyuma,
Karakana ya Taa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto wazima? Na ule mgongo, umepoa? Sisi hatujambo, ila mama anakohoa kidogo, na mimi nina donge rohoni. Nitalitoa humu humu.

Unajua karakanani tunatuma sauti kwa mwanga wa taa, na kipokezi cha mezani huugeuza mwanga huo kuwa sauti tena, kwa ajili ya chumba cha hospitali wasikotaka mawimbi ya redio. Taa yangu huwaka na kuzima tu, upesi hata jicho halitambui. Ya mdogo wetu, huyo kipenzi chenu, haizimi. Hupanda na kushuka ngazi kumi na sita za mwanga, kwa hiyo hubeba mzigo mkubwa kwa mara moja. Kila mgeni akija anaoneshwa ya kwake. Naona wivu, dada, na sioni haja ya kuuficha.

Ijumaa mhandisi wetu alitaka kuchagua taa moja kati ya hizo mbili. Mdogo wetu akashauri tutume ile salamu uliyomrekodia mama, na mama mwenyewe akaja kusikiliza. Ikaanza taa yake. Sauti yako ilitoka laini, ungedhani umeketi pale mezani. Mama akafuta machozi, akamshika mkono mwanawe. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Mara mama akaona joto, akafungua pazia. Hakuna aliyewahi kuligusa pazia lile wakati wa majaribio. Sisi mafundi wa taa tumezoea kujipima gizani. Jua likaingia, kipokezi kikashindwa kuzitofautisha zile ngazi, nawe ndiyo kwanza umemtaja mdogo wetu, eti mboni ya jicho lako. Baada ya hapo ikawa mikwaruzo mitupu.

Nikawasha yangu, pazia likiwa wazi vilevile. Ulisikika kama mtu aliyebanwa pua, lakini hukukatika. Kuwaka au kuzima, jua litavuruga nini hapo?

Mhandisi akasema, "Tunachukua hii."

Kichwa kikanivimba. Nikatega sikio nisikie kile kipande ambacho taa ya mdogo wetu ilishindwa kukifikisha. Kikafika, neno kwa neno: "Unisalimie na wengine wote."

Nyumbani tupo watatu, dada. Mama, mdogo wetu na mimi.

Msalimie shemeji, wabusu watoto kila mmoja kwa jina lake. Mungu akulinde, akupe afya na usingizi mwema.

Ni mimi, nikupendaye hivyo hivyo,
Wengine Wote.