Asumini, Si Asiamini

Mke wangu Asumini,

Huko uliko sijui kama barua zinafika. Hapa Soga penyewe treni hushusha mbuzi wengi kuliko barua. Nimechoka, mama Zuhura. Naandika kwa hati yangu ile uliyosema imeparurwa na kuku.

Mwanetu Zuhura amejifungua mtoto wa kike. Kesho ni siku ya saba, anapewa jina, na Zuhura ameng'ang'ania liwe lako. Kumbe jina lako hawalijui, wanajua Asiamini tu.

Chanzo ni utani wangu. Unakumbuka nilipokuja kuposa kwenu Kisarawe, nikajisifu kwamba nina shamba kubwa Mbwawa? Ukachungulia mlangoni ukauliza, "Shamba unalo, au umeonyeshwa njia tu ya kwendea?" Nikasema huyu si Asumini, huyu ni Asiamini. Tangu hapo nikakuita hivyo, wakadaka majirani, wakadaka na wanetu. Nawe ukaitika, ukisema, "Heri nisiamini. Wanaokuamini wanalala njaa."

Jana mkwe wetu akaja amekunja uso.

"Shikamoo, baba. Mwalimu wa chuo cha Kurani amekataa. Anasema mtoto wa Kiislamu haitwi Asiamini. Asiamini nini, Mungu?"

"Marahaba. Asiamini mume," nikamwambia.

Hakucheka. Akasema basi mtoto ataitwa kwa jina la mama yake yeye mkwe. Mama yake yule, unamjua. Nikavaa kanzu, na magoti haya haya yanayouma, nikaenda kwa mwalimu.

Njiani nikamkumbuka yule Mwajemi mzee mwenye duka la nguo kule Kisarawe, siku tuliponunua kaniki. Alilisikia jina lako akaacha kupima kitambaa. "Hilo limetoka kwetu Uajemi," akasema. "Kwetu ni yasamini, ua jeupe lenye harufu. Waarabu walilipokea vizuri, ninyi mkalikata kichwa." Ukamjibu, "Kumbe mimi mgeni, na muhogo wote ule nimemlimia huyu." Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukijinusa bega, ukidhani sikuoni. Ulinukia moshi. Moshi huo nautafuta siku hizi kwenye khanga zako, nao umekwisha.

Mwalimu nikamweleza yote.

"Ua?" akauliza.

"Ua lile lile lililokuwa kwenye kikuba cha maua alichovaa mkeo kifuani siku mliyooana. Ulilinusa, na hukuliuliza dini yake."

Akainama, akacheka ndani ya ndevu. Amekubali.

Basi jina lako limepona, lakini nimerudi nyumbani mzito. Maana Zuhura ataanza kuita uani, "Asumini," na siku moja, nikiwa hai, kitajibu kitoto, "Abee." Nami nitageuka kutazama. Najijua. Nitamwona mtoto, nitainamisha kichwa, na akiitwa tena nitageuka tena.

Pumzika, mke wangu. Mimi naja polepole, kama mtu asiyetumwa.

Mumeo, ambaye kesho ni babu yake Asumini