Chai ya Sivcho

Jumamosi, 1 Machi
Nimemfunga farasi wetu Sivcho uzi mwekundu na mweupe kwenye hatamu, kama kila Machi, apate afya. Afya ipi! Baridi yabisi imemkaza mguu wa nyuma, anauburuta tu. Nimemchemshia gome la mwerebi, chai ya kutuliza maumivu, nikachanganya na pumba na upupu uliokaushwa usiwashe. Kiungo nimekikanda kwa rakia, pombe yetu kali ya matunda, nikakifunga majani ya kabichi. Rangel, mume wangu, kapita akanusa — eti rakia nzuri hivyo inaishia mguuni mwa farasi! Hali ya mguu wenyewe wala hakuuliza.

Jumatatu, 3 Machi
Anatembea vizuri! Nimemzungusha polepole, blanketi mgongoni, asipoe na jasho lake. Nikamwambia Rangel: maumivu yamelala tu, kiungo hakijapona. Aliitikia huku akimtazama farasi na kutabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumatano, 5 Machi
Rangel kamwandikisha! Jumamosi, Sikukuu ya Mtakatifu Todor, siku ya farasi, Sivcho atavuta magogo mashindanoni. Na miaka yake kumi na saba! Nimeambiwa na jirani Trifon, tena kwa kejeli: "Shemeji Zdravka, mganga wewe! Mchemshie na mke wangu basi, naye aanze kukimbia." Rangel hana hata haya. "Si umemponya mwenyewe? Sasa kelele za nini?" Asante ya punda ni mateke, lakini punda wa nyumba hii halali zizini.

Ijumaa, 7 Machi
Tangu jana sijachemsha kitu. Achechemee mbele ya umati, waamuzi wamtoe. Lakini anaumia, na ni mimi ninayemwacha aumie! Kila nikiingia zizini ananigeukia. Mama mkwe anakanda mkate wa umbo la farasi, wa kugawa kesho ili farasi wote wawe wazima. Nikamuuliza: mkate wa afya asubuhi, mchana tunawavunja miguu? Kasema ndivyo alivyoikuta dunia, nisimwage machozi kwenye unga wake. Nimetoka nimefura.

Jumamosi, 8 Machi
Uwanjani, naandika ndani ya gari. Leo Rangel kaniletea ua la Siku ya Wanawake. Ua! Mkono wa pili kashika birika — kachemsha gome mwenyewe, fuko zima!

Sivcho kashuka kwenye trela akichechemea, kila mtu kaona. Nikashukuru Mungu. Mwamuzi kainama, kapapasa mguu, na Rangel kajibu bila kupepesa macho: "Mguu umekaza kwa safari tu, mzee. Mke wangu ana dawa yake." Na mwamuzi, badala ya kumtoa — kawasogeza hadi zamu ya mwisho! Dawa ipate nafasi ya kufanya kazi!

Rangel kaimimina chai ndooni, Sivcho kaikataa. Hanywi ila mkononi mwangu. Nikimnywesha, atavuta magogo; nisipomnywesha, ataendelea kuumia. Sasa wananiita, Trifon anapiga makofi: "Mganga! Mganga!" Rangel kagonga kioo, nikakishusha. "Zdravka, mwenzio anaumia. Huna huruma?"

Huruma! Yeye!

Kaiweka ndoo mlangoni. Sivcho kaletwa hadi hapa, anatetemeka mguu ule, kaingiza kichwa dirishani, ananisukuma kalamu —