Tai wa Ziwani Ana Kesi

Jumatano, 8 Mei

Darasa la kwanza leo hawakutaka kusoma. Baridi ya hapa kwetu Mpepai, pua zinatiririka. Nikawatungia wimbo palepale: mbuzi anauliza nani kala mahindi, chura anakana, kuku anamsingizia tai wa ziwani. Sauti zote za kwangu. Walicheka mpaka Mwalimu Jastini akaja kuchungulia — na simu mkononi! Amenirekodi. Nimemwambia afute. Kasema atafuta.

Jumatatu, 13 Mei

Hakufuta. Kampelekea Cletus, yule mwenye studio karibu na stendi ya Mbinga. Cletus kaweka ngoma na besi chini ya "meee" yangu. Nimesikiliza. Mungu anisamehe — ni tamu!

Ijumaa, 24 Mei

Redio ya mjini, kipindi cha nyimbo kumi bora. Mbuzi wangu kashika nafasi ya tatu! Kawapita vijana wa Dar wenye macheni shingoni! Sokoni muuza nyanya hakunipa shikamoo, kanipa "meee". Mtu mzima na ndevu zake.

Mume wangu Urbani hacheki. Yeye ni mwenyekiti wa walei. Anasema Jumapili iliyopita aliposimama kusoma matangazo kanisani, mtu wa nyuma alimwitikia kimbuzi. Chai yake imepoa mezani, hajaigusa.

Jumapili, 2 Juni

Namba moja. NAMBA MOJA!

Urbani kasubiri nimalize kurukaruka. Kisha: "Mama Wende, tarehe kumi na tano tunakwenda Lipingo, ziwani, kuposa. Kule usiimbe. Hata kukohoa usikohoe." Nimemwelewa. Wendelini wetu ana miaka thelathini na nne, na Serafina ndiye msichana wa kwanza aliyemtaja nyumbani. Nikiharibu mimi?

Jumanne, 11 Juni

Mshenga wetu, Dunstan, katuma ujumbe. Wakwe wameusikia wimbo. "Wana neno." Neno gani? Hasemi. Nimesahau kugeuza kahawa kwenye kichanja kutwa nzima.

Jumamosi, 15 Juni. Lipingo

Naandika nimekaa kwenye jiwe, ufukweni. Koo linawaka moto.

Tulipokewa vizuri. Shikamoo zote, ugali, samaki mbasa mkubwa kuliko sahani. Halafu Mzee Augustino, baba yake Serafina, akanawa mikono polepole. "Tuna neno na mama wa kijana." Urbani akainamisha kichwa. Wendelini jasho, tai ya shingoni inamkaba.

"Mwalimu," mzee akasema, "mbuzi wako ni mbuzi. Chura wako ni chura. Lakini yule tai! Sisi tumezaliwa naye hapa. Yule wako ni kuku mwenye mafua. Mkoa mzima unamcheka tai wetu!"

Hakutabasamu. Akaendelea kwamba binti yake haendi kwenye nyumba iliyomdhalilisha tai, mpaka jambo hili lirekebishwe.

Nikapiga magoti. Nikasema ukweli: sisi wa milimani, mzee, tai wa ziwani nimemwona kwenye kitabu cha darasa la pili tu. Mama Hildegardi, mkewe, ndiye aliyeniinua. "Twende, Mwalimu. Nikufundishe."

Na anajua! Kichwa unakirusha nyuma, sauti inapanda, kisha inashuka vipande vipande. Kanga ilimdondoka, hakujali. Wanawake wanaoanika dagaa waliacha kazi. Mimi nikajaribu — kuku. Nikajaribu tena — kuku, mafua yamezidi. Mara ya nne tai mwenyewe akaitika kutoka juu ya mti! Nikashangilia. Mama Hildegardi akanigusa bega: "Amenijibu mimi, Mwalimu. Si wewe."

Sasa tumepumzika. Wazee wamehamishia viti mchangani, wamekaa kama baraza, wananisubiri. Serafina anamnong'oneza Wendelini. Wanacheka, hao! Kumbe wanaweza.

Urbani anakuja huku. Uso ule ule wa matangazo. Najua, atasema twende zetu, aibu imetosha.

Hapana. Kavua koti, kampa Wendelini. Ananiambia ninabana koo. Yeye kaimba kwaya miaka kumi na miwili, ananisikia tangu kule ndani na hawezi kuvumilia tena. Kageukia ziwa. Wazee wamenyanyuka vitini. Mume wangu, mwenyekiti wa walei, karusha kichwa nyuma, anavuta pumzi —