Sanduku la Kufuli Tatu

Jumamosi, 8 Juni 2024
Mume wangu! Nikiandika neno hili natabasamu peke yangu kama chizi. Masele kapanda meli ya Nansio, Ukerewe, asubuhi, kanipungia mkono mpaka akawa nukta. Benki alikofanya kazi ilipofunga madirisha, wenzake walirudi vijijini. Yeye kapata kampuni ya akiba na mikopo ya simu. Yuko kwenye majaribio: akisajili vikundi vya kutosha anapewa mkataba na ofisi hapahapa Mwanza. Hapahapa! Kila siku jioni mlangoni kwangu!

Hapa Kirumba simjui mtu, kwetu Sengerema. Nina wanawake wa kikoba tu, tunaoweka akiba pamoja kila Jumamosi. Leo nilichelewa, nilitoka bandarini. Mama Odeta, mwenyekiti, hakunihurumia. Faini! Eti bi harusi anaaga mume kama anakwenda Ulaya, kumbe Ukerewe hapo! Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sanduku likafunguliwa — kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu.

Sabina hakuonekana. Kwenye kikoba chetu asiyeonekana hufuatwa, basi tukaenda wote. Malaria. Mmoja akakoroga uji, mwingine akaosha vyombo, mimi nikamsuka. Nimerudi nimechoka na moyo mweupe.

Jumatano, 12 Juni
Kapiga! Ile sauti yake! Anaomba aongee na kikundi chetu Jumamosi. Tukihamia kwenye simu, mkataba unasogea. Nimemwambia niachie mimi. Mke ni wa nini basi?

Jumamosi, 15 Juni
Wamekubali! Niliweka spika, nikashika simu juu kama mshumaa wa Pasaka. Masele aliongea vizuri — hakuna sanduku la kuibiwa, kila mtu anatuma akiba akiwa kwenye meza yake ya dagaa, mkopo unaingia palepale. Sabina akadakia, shemeji, na faini za kuchelewa je? Akajibu hakuna kuchelewa, mama, maana hakuna mkutano. Makofi! Mimi nilipiga kuliko wote.

Mama Odeta alikuwa anageuzageuza ufunguo wake. Mwisho akasema, haya mayu, mama yangu, tumpe mumeo kazi.

Jumamosi, 22 Juni
Nimejikuta nimevaa kitenge cha kikundi. Nikakumbuka. Nikavua.
Ujumbe umeingia: “Hongera! Kikundi chako kimekamilisha akiba ya wiki.”
Nimepika wali mwingi mno. Masele hapatikani, mtandao wa visiwani.

Jumatano, 26 Juni
Homa. Mifupa inauma. Nimebonyeza “mfuko wa jamii”, nikachagua “ugonjwa”. Hata simu sijaiweka chini, pesa ya pole imeingia! Zamani ungesubiri mkutano. “Kikundi chako kinakutakia afya njema.” Nimemwandikia Masele, kajibu kwa mioyo mingi, kasema unaona mpenzi?

Naona.
Nimesikiliza mlango mchana wote. Waliopita wote walikuwa wa kwa jirani. Vyombo viko palepale.

Ijumaa, 28 Juni
Nimejikokota hadi soko la dagaa la Mwaloni. Sabina kashtuka — we bi harusi, umekonda, au mimba? Nikamwambia niliumwa, na pole yenu nilipata. Pole gani? Hakujua! Simu ilitoa yenyewe. Jamani, kasema, shemeji katuolea mashine! Tukacheka. Akaanza kuniuliza nakula nini, mteja akaja, akageuka kupima dagaa. Halafu akasema, lakini raha, siku hizi Jumamosi nauza kutwa nzima. Ana furaha kweli.

Jumamosi, 6 Julai
Masele alikuwa arudi leo, hakurudi. Wamemwongezea visiwa.

Kapiga sasa hivi kutoka Nansio. Nyuma yake wanawake wanaimba! Mmoja anabishia faini, wengine wanamzomea. Moyo wangu uliruka, nikadhani ni sisi. Masele kasogea pembeni, kanong'ona. Kikundi hiki ndicho cha mwisho, akikipata anakabidhiwa mkataba Jumatatu. Lakini mwenyekiti wao mgumu. Kasema hataki maneno ya kijana wa kampuni, anataka kumsikia mwanamke mwenzake aliyehamia. Nitumie sauti, mke wangu. Waambie tu ilivyo.

Jumatatu! Ningempikia sato. Ningelala nimeshika shati lake likiwa na yeye ndani.

Nimerekodi. Nimefuta. Nimerekodi, nimefuta.

Kaandika: “Wanakunywa chai, wakimaliza wanaondoka. Harakisha mpenzi.”

Nimebonyeza tena. Nimesema shikamooni mama zangu, mimi mke wa Masele, naongea kutoka Mwanza. Nimesema simu haijatupotezea hata senti moja. Kweli tupu. Nimesema mkopo unaingia haraka, na ukiumwa…

Nimeishia hapo. Bado inarekodi. Simu iko mezani, sekunde zinakimbia, nami nimechukua kalamu. Chumba kimya. Wakiisikiliza sasa, watasikia ninavyoandika, basi.