Aliyeachwa Mashuani

Makwale,
Jumapili, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Mugonile. Sisi huku upande wa pili wa migomba hatujambo. Noa amepona kikohozi, na baba yake yuko Kasumulu mpakani na magunia yake ya mchele, atarudi Jumamosi. Hofu ni kwako tu. Mama ameniambia miguu imevimba tena na viatu haviingii. Je, umelalaje?

Usishangae kukuta karatasi chini ya kawa. Huu ni mwaka wa saba tangu niolewe katika mji huu, na sijawahi kusimama mbele yako, wala kukuona uso, wala kulitaja jina lako, kama mila ya wakwe inavyotaka. Nyumba nyingi za Makwale zimeshaiacha. Yetu imeishika, nami sikuja kuibomoa. Nikisikia fimbo yako uani, nakimbilia nyuma ya jiko kama kuku aliyeona mwewe.

Ila moyo wangu hautulii, Baba. Kila Alhamisi natoka na akina mama wa kanisa kushuhudia. Nimesema habari za Yesu kwa vijana wa bodaboda wa Mbugani, kwa wanunuzi wa kakao, hata kwa mwenye kilabu cha pombe kule Bondeni, akanipa kiti. Jioni narudi nyumbani, napika chakula chako, nakifunika, nampa Mama akuletee. Mtu wa karibu kuliko wote ndiye sijamwambia neno. Usiku najigeuza hadi Noa analalamika.

Nakuomba urudi kanisani. Hilo tu. Jibu ukipenda, liweke kwenye sahani tupu.

Mkweo,
Mama Noa

*

Nyumba kubwa,
13 Februari 2024

Mama Noa,

Salamu zako nimezipata pamoja na wali na usipa. Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu ambaye miguu yake imegeuka magogo. Mpe Noa pole yangu, ingawa anacheka uani tangu asubuhi.

Kwanza, chumvi. Wale samaki hawakuwa na chumvi. Ukitaka kumrudisha mzee kanisani, anza hapo.

Pili, nimefurahi kwamba umeandika. Nilikuwa karani wa chama cha mpunga, najua thamani ya mtu anayeandika mistari iliyonyooka. Simu yenu hiyo siiwezi, herufi ni kama sisimizi.

Tatu, nina swali. Unaniombea, sivyo? Na jina langu hulitaji. Sasa unamwambiaje Mungu? "Umkumbuke mzee wa nyumba ile"? Wazee wa nyumba zile ni wengi, mwanangu. Asije akambariki jirani.

Mama yako amenihadithia ya Jumapili iliyopita, akicheka hadi akashika mlango. Kwamba ulipewa somo la Injili usome mbele ya watu, nalo likawa lile la Yakobo na Yohana kuitwa ziwani. Ulipofika kwa baba yao ukakwama, ukameza mate, ukasema "wana wa mzee mmoja." Kanisa zima likaangua kicheko. Jina la mkweo limekufuata hadi kwenye Biblia!

Lakini nikuambie. Habari ya mzee yule naijua tangu utoto, kwa sababu ya jina. Vijana wake waliitwa, wakaruka majini, wakaenda. Yeye akaachwa mashuani na vibarua na nyavu zilizochanika. Hakuna aliyemuuliza kama naye angependa kwenda. Nimeishi nikijiuliza alikula nini jioni ile.

Wanangu wote wako kanisani. Mimi ndiye huyo wa mashuani.

Baba mkweo

*

Makwale,
Jumapili, 25 Februari 2024

Baba mpendwa,

Mugonile. Sisi wazima. Mvua imeanza kuchezea mpunga wetu wa bondeni, tunaomba isizidi. Mama anasema umeanza kulala umekaa, kwa sababu ya pumzi. Nimeogopa. Chumvi nimeongeza.

Barua yako ilinichekesha, kisha nikalia, kisha nikaona aibu. Nikaenda kwa Mchungaji bila kukuuliza, nisamehe. Nikamwambia mkwe wangu anaumwa, nataka atenguliwe adhabu aliyopewa zamani. Akanijibu kwa upole. Amesema mlango uko wazi. Ulitengwa kwa kuoa mke wa pili hali Mama Keziya yupo, na utarudishwa siku utakapomwacha Mama Lusungu. Amwache tu, alisema, hata kwa maneno, mbele ya wazee wa kanisa wawili.

Baba, nitasema lililo moyoni. Ukifa ukiwa umetengwa, kengele haitalia. Mchungaji hatakuja. Watu wataimba wenyewe, kwa aibu, na udongo utaingia bila neno la Mungu juu yako. Nimeona maziko ya namna hiyo Makwale hapahapa, nikarudi nyumbani nimeshindwa kula. Sitaki yawe yako. Sema neno moja tu nami nitamwita.

Mkweo,
Mama Noa

*

26 Februari 2024

Mama Noa,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo.

Neno moja hutalipata.

Lusungu alivuka mpaka kutoka Karonga na ndoo za samaki, mjane, wazazi wamekufa, ndugu za mumewe wamemnyang'anya hata sufuria. Nilimwoa. Nilikosa, na niliyemkosea ni Keziya. Hilo silipingi. Lakini kumfukuza mtu asiye na pa kwenda ili mimi nikapate kengele ni kosa la pili, na hilo halina hata utamu wa la kwanza.

Sasa nikuulize wewe mhubiri. Nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji, nyuma ya kakao. Ukisimama jikoni kwako unauona moshi wake. Umefika Mbugani, umefika Bondeni, umepewa kiti kilabuni. Kwa Lusungu umewahi kupiga hodi? Au Yesu wako haogelei?

Usiniandikie tena mpaka uvuke ule mfereji.

Zebedayo

*

Makwale,
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Baba mpendwa,

Mugonile. Najua nimekaa kimya karibu mwezi. Tu wazima. Mama anasema sasa unakula vijiko viwili unasukuma sahani, na mimi naona hivyo sahani zikirudi.

Nilikasirika. Uliweka jina lako chini ya barua makusudi, ili nilione. Nikaikunja, nikaificha kwenye pipa la unga. Nikajiambia ni Mama Keziya aliyenikataza kuvuka tangu wiki ya harusi, kwa hiyo kosa si langu. Nikaenda Alhamisi kushuhudia kama kawaida, na kila nilipofungua mdomo nikaona ule moshi. Wiki tatu hivyo. Mwisho mwenzangu mmoja aliniuliza kama nina malaria.

Jana nimevuka. Nilivaa kanga ya kanisa, nikashika Biblia, nikapiga hodi. Mama Lusungu alikuwa akigeuza kakao kwenye mkeka. Alinitazama, akaendelea kugeuza. Nikasimama kama mdai. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za toba, na maneno yote yakanikimbia. Nikaweka Biblia chini, nikachuchumaa, nikageuza kakao naye hadi jua likapinda.

Ndipo akaingia ndani akatoa ndizi na usipa. Kabla ya kula akaomba, kwa lugha ya kwao, kirefu. Nilisikia jina lako, Baba. Nilisikia na la Mama Keziya, na la Noa. Akaniambia anaomba hivyo kila siku, peke yake, kwa kuwa kanisani alipewa benchi la nyuma na watu wakalihama. "Wewe ndiye wa kwanza kupiga hodi na kanga hiyo," alisema. Nilijisikia vibaya sana.

Hakuniomba kitu ila kimoja. Tangu miguu yako ikuzuie kuvuka, hajakuona. Hakuna anayempelekea habari. Husimama kwenye kakao asikilize kama unakohoa.

Niambie nifanye nini.

Mkweo,
Tulinagwe

*

25 Machi 2024

Mwanangu Tulinagwe,

Ndaga fijo. Ahsante sana. Barua yako nimeisoma mara nyingi, miwani ikawa na ukungu.

Unauliza ufanye nini. Wewe si mhubiri? Nenda kamhubirie mama mkwe wako. Mimi nimeshindwa. Nataka kumwona Lusungu, na nataka Keziya awe ndiye aliyemleta, vinginevyo nitakuwa nimemkosea mara mbili.

Na moja zaidi. Siku yangu ikifika, kengele siihitaji. Nataka mtu mmoja amwambie Mungu jina langu wazi, asije akampokea mzee mwingine.

Baba yako

*

Makwale,
7 Aprili 2024

Baba,

Mugonile. Sisi hatujambo ila Mama hasemi nami. Ndiyo maana chakula chako cha wiki hii kakipika mwenyewe bila kunisubiri.

Nilimwambia tukitwanga. Nikamwambia kwamba yule mama anamwombea kwa jina. Akaacha mchi ndani ya kinu akaondoka. Akarudi akaniambia nimeletwa katika mji huu kulima, si kuhukumu. Nikamjibu, na nilijibu vibaya, kwa sauti. Nimekwenda kupiga magoti kuomba radhi, ila sikuyafuta niliyosema. Mume wangu Hebroni anasema nimevuruga nyumba. Huenda kweli. Kila siku namwona Mama amesimama mwisho wa migomba anatazama mfereji, halafu anarudi.

Kula, tafadhali. Hata vijiko vitatu.

Mkweo,
Tulinagwe

*

19 Aprili

Tulinagwe,

Naandika nimeegemea ukuta, vumilia mwandiko.

Amekuja. Juzi, kwenye mvua ile. Keziya alitoka na jembe, nikadhani anakwenda kuzibua maji. Akarudi na Lusungu nyuma yake, wote wamelowa, hawasemeshani. Akamwambia, "Kaa hapo, na usimpe ugali, utamkaba." Basi. Tangu siku hiyo mmoja huku na mwingine huku, wanabishana juu ya mto wangu. Nimemwomba Keziya msamaha kwa mdomo wangu. Akasema nimechelewa, kisha akanifunika blanketi.

Mchungaji naye alifika. Mtu mzuri. Nilimwambia natubu ya kumuumiza Keziya, ila kumtupa Lusungu, hapana. Akafuta miwani. Akasema sheria ya kanisa si yake peke yake. Nikamwambia aende salama.

Chumvi sasa iko sawa.

Zebedayo

*

Makwale,
Jumapili, 12 Mei 2024

Zebedayo, baba yangu,

Nakusalimu. Sisi tulio hai hatujambo. Noa anauliza fimbo yako ni ya nani sasa.

Kengele haikulia, kama tulivyojua. Mchungaji alikuja msibani akakaa na watu, akala, akawapa pole mama zangu wote wawili, lakini kaburini hakusogea mbele. Kabla ya hapo watu walipanga mstari kukuaga, na wanawake wa nyumbani wakanishika mkono nisiende. Nikaenda. Nimeuona uso wako. Kumbe pua ya Hebroni ni yako, na ile ya Noa pia. Miaka saba naikimbia nyuma ya jiko.

Kaburini mmoja alianzisha wimbo ukakatika. Hebroni alitazama chini. Vijana walishashika machepeo. Nikasogea mbele na Biblia, nikasoma lile somo la ziwani, na safari hii sikuruka kitu. Niliposema jina, bibi mmoja akapiga ukelele, mkwe anamtaja mkwewe! Nikalisema tena. Nikafumba macho nikasema, "Bwana, huyu ni Zebedayo wa Makwale, mume wa Keziya na wa Lusungu. Wanawe ulikwishawaita. Yeye alibaki mashuani na nyavu. Mfuate hukohuko."

Nikafungua macho. Kisha nikamsikia Mama Keziya akisema amina, na Mama Lusungu akafuata.

Wazee wa kanisa wameniita Alhamisi nijieleze. Wanasema nimeongoza ibada ya aliyetengwa. Mama Keziya amesema yeye na Mama Lusungu watakuja nami, na kwamba watakaa benchi moja, la mbele. Sijui itakuwaje. Silali, Baba, kama kawaida yangu.

Leo nilipika kwa mazoea, sahani ikazidi. Nimeifunika kawa, nikaivusha mfereji mwenyewe. Mama Lusungu ameonja, akasema chumvi imekolea.

Binti yako,
Tulinagwe