Tartaro na Koroboi

Jumatatu, 4 Novemba
Sala ya alfajiri. Kisha kuchagua mbegu za maharage. Mchana tulimzika Ezekieli, mwana pekee wa jirani yetu, aliyejinyonga juzi. Amezikwa nje ya uzio wa makaburi ya kanisa, kama ilivyo desturi hapa Kitanga. Mchungaji wetu kijana alisema marehemu ametupwa Tartaro, shimo la giza lisilojua taa. Neno lilimpendeza, alilirudia. Mama wa marehemu alikuwa amesimama mbele yake.

Nimekasirika.

Jumatano, 6 Novemba
Mama Ezekieli amepeleka koroboi kaburini. Jioni ya pili sasa. Alimwambia mke wangu kwamba mwanawe hakuzoea giza.

Ijumaa, 8 Novemba
Wazee wa kanisa wanaiita taa hiyo ushirikina. Asipoiacha, atatengwa na meza ya Bwana. Nimetumwa mimi nimkataze.

Nimefungua vitabu vyangu vya chuoni. Tartaro ni neno la Wayunani wa kale. Katika hadithi zao ni shimo lililo chini kuliko kuzimu, lenye ukuta wa shaba, ilimofungwa miungu ya kale iliyoshindwa vita. Katika Biblia mtume aliliazima mara moja tu, akisema juu ya malaika walioasi. Malaika. Hakutajwa humo mwana wa Adamu.

Jumamosi, 9 Novemba
Nilimweleza Mama Ezekieli yote, polepole, kwa Kiha. Alisikiliza huku akimenya mihogo.

"Kwa hiyo hayumo?"

"Neno hilo halikuandikwa kwa ajili yake."

"Basi yuko wapi, mzee?"

Nimefundisha neno la Mungu tangu ujana wangu. Nikasema sijui.

"Kama hata wewe hujui, taa ibaki."

Sikumkataza.

Jumapili, 10 Novemba
Ametengwa. Kabla ya ibada niliwaeleza wazee asili ya neno lile. Mmoja akacheka: "Mzee, Kiyunani chako kimezeeka pamoja nawe." Mchungaji hakuinua macho.

Walipoitwa mezani sikwenda. Nilibaki kwenye benchi la nyuma, kando ya mama yule. Nina hofu.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua kutwa. Mama Ezekieli ana homa. Jioni nimekwenda kaburini mimi, na chupa ya mafuta ya taa. Utambi ulikuwa umelowa, nimeubadilisha. Nimeegemeza kigae upande wa upepo.

Imewaka.